Kayaki, mtumbwi au boti ya mashine? Siku moja ya mshipi Ziwa Tanganyika, Kigoma

Ukishuka treni hapa mwisho wa reli na fimbo ya kuvulia begani, hutafika mbali kabla hujaulizwa: "Unaingia na nini?" Ukisema kayaki, kuna atakayecheka na kukuuliza kama unakwenda kuvua au kuogelea. Ukisema mtumbwi, utaambiwa utalowa mpaka mfukoni. Ukisema boti, swali litakuwa moja tu: mafuta unayo?

Nimevua kwa vyote vitatu kati ya Kibirizi na Katonga, fukwe za wavuvi hapa Kigoma, na nimerudi mikono mitupu kwa vyote vitatu. Kwa hiyo sitakuambia kipi ni bora. Ninachoweza kukuambia ni kipi kinafaa kwa siku ipi, kwa samaki yupi na kwa mtu wa namna gani. Nazungumzia siku moja ya kuvua kwa ndoano, mchana, kwa raha na kitoweo. Anayetaka dagaa wa biashara ana hesabu nyingine kabisa, na hesabu hiyo hufanywa usiku.

Tunapima nini

Cha kwanza ni kurudi. Kwenda hakuna shida kwa chombo chochote. Asubuhi na mapema upepo hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, mwepesi, wa kubembeleza. Unapiga kafi mara tatu, chombo kinateleza kama kimepakwa mawese, nawe unajiona leo una nguvu za ajabu. Si nguvu zako, ni upepo. Jua likipanda, upepo hugeuka, na kuanzia Mei hadi Septemba ule wa kusini mashariki unaweza kuvuma mchana kutwa na kuamsha mawimbi ambayo mtu wa bwawani hajapata kuyaona. Mgeni wangu mmoja kutoka Tabora, aliyezoea maji ya bwawa la Igombe, aliyatazama mawimbi ya saa saba mchana pale Bangwe akaniuliza kama hii ni bahari. Ziwa lina urefu wa kilomita 673, nikamwambia; upepo ukipata uwanja wa namna hiyo wa kukimbilia, hauna sababu ya kuwa mpole. Msimu wa mvua asubuhi nyingi huwa shwari, ila radi za mchana hazina taarifa.

Cha pili ni samaki unayemtaka, maana hapa samaki ndiye anayekuchagulia mahali. Kuhe hukaa karibu na pwani, kwenye mchanga na kandokando ya mawe. Ni wa ukoo mmoja na perege, na katika ukoo huo duniani ni mmoja wa wakubwa kabisa: anaweza kukaribia sentimita 80. Migebuka ni watembezi wa maji wazi. Wanafuata dagaa, na dagaa hawana anwani. Sangala yuko, lakini wale wakubwa ambao wazee husimulia wamekuwa adimu, kwa hiyo usipange siku yako juu yake.

Hapo niingize jambo moja kuhusu kina, kwa sababu wageni hulikuza sana. Ziwa Tanganyika linafikia kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Ni kweli, na kwa mshipi wako haina maana yoyote. Maji ya chini hayachanganyiki na ya juu, na ukishapita mita mia moja na kitu, mia mbili hivi, hewa ya kuvuta samaki hakuna. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu, jembamba ukilinganisha na kilichobaki. Kina kinakuhusu kwa jambo jingine: sehemu nyingi za pwani yetu ardhi inaporomoka ghafla, hatua chache kutoka kwenye mawe nanga haigusi tena chini. Utavua ukichukuliwa na maji, na mtu anayechukuliwa na maji lazima ajue anapelekwa wapi.

Cha tatu ni mfuko. Cha nne ni mwili wako: mgongo, mabega, kuogelea, na muda gani unaweza kukaa juani bila kununa.

La tano halitofautiani kwa chombo, kwa hiyo nalimaliza hapa hapa. Uvuvi unaongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na anayevua kwa kujifurahisha naye hukata leseni. Pita kwa afisa uvuvi kabla ya kupita dukani. Muulize pia kama ziwa liko wazi: mwaka 2024 lilifungwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana, na yapo makundi ya watu waliokata tiketi bila kuuliza. Ukielekea kaskazini, usitupe mshipi ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Gombe. Na popote utakapoona madumu ya plastiki yanaelea kwa mstari, hiyo ni nyavu ya mtu. Zunguka.

Kayaki

Nasema ile ya plastiki ya kukaa juu, yenye matundu ya kutolea maji, urefu wa mita tatu na nusu hivi. Baadhi ya hoteli za ufukweni huwa nazo kwa wageni. Ile ya kukaa ndani, miguu imefichwa, nzuri kwa kutembea. Kwa kuvua na ndoano mapajani siipendi.

Kurudi. Hapa ndipo kayaki inapokudai. Mtu wa kawaida, bila haraka, huenda kilomita nne au tano kwa saa. Upepo ukimkabili, mwendo huo hukatika nusu au zaidi, na kila ukiacha kupiga kafi ili unywe maji, unarudishwa ulikotoka. Kanuni yangu ni kuanza kwa kwenda kule upepo utakakotoka mchana. Kiangazi maana yake ni kuelekea kusini kwanza, nikiwa na nguvu, ili saa ya kuchoka upepo unisukume nyumbani. Na saa tano asubuhi niwe nimeanza kurudi, samaki wawe wanakula au hawali. Mwaka juzi niliivunja kanuni hiyo kwa ajili ya kuhe mmoja aliyekuwa akinionyesha mgongo. Sikumpata. Nilifika nchi kavu sehemu ambayo sikuipanga, nikaifunga kayaki kwenye mwembe wa watu na kurudi mjini kwa bodaboda, nimevaa jaketi okozi, abiria wa ajabu kupita wote siku hiyo.

Kwa upande wa samaki, hakuna chombo kinachomkaribia kuhe kama kayaki. Maji yetu ni maangavu mno, siku tulivu unaona mawe ya chini kama yako kwenye beseni, na samaki naye anakuona. Kayaki haina mngurumo, haigongi mbao, kivuli chake ni chembamba. Unaingia kwenye vijighuba ambavyo boti haiwezi kugeuka ndani yake, unatupa chambo kando ya jiwe, unangoja. Akishika, atakukokota kidogo, na hiyo raha sina namna ya kuieleza kwa aliyezoea kuvua akiwa amesimama juu ya sakafu. Ila ukiona kuhe wawili wamesimama juu ya mchanga na wingu la vitoto katikati yao, waache. Wanalinda watoto, wanashika chochote kinachosogea, na kuwavua wakati huo ni kubomoa nyumba.

Migebuka kwa kayaki ni bahati. Kwa kuwa kina kiko karibu, kundi linaweza kupita mita mia mbili kutoka kwenye mawe na ukajikuta katikati yake. Kuwafuata ndani zaidi, hapana.

Kwa mfuko, kuazima au kukodi siku moja si ghali, hakuna mafuta. Kununua ndiko kuzito, maana haziuzwi mjini kama baiskeli, na usafiri wa kitu kirefu namna hiyo mpaka Kigoma nao unataka fedha. Kumbuka pia uzito: kilo 25 hadi 40, peke yako, kutoka kwenye gari mpaka majini.

Kuhusu mwili, usiingie kama hujawahi kupinduka kwa makusudi. Nenda kwenye maji ya kifuani, jipindue, panda tena. Rudia mpaka upande bila kufikiri. Funga kafi kwa kamba, kwa sababu kafi likienda, kayaki imekuwa gogo. Vaa jaketi okozi. Kuliweka nyuma ya kiti ni kulibeba matembezi. Filimbi shingoni. Simu ndani ya mfuko usioingia maji, na mtu nchi kavu anayejua utarudi saa ngapi.

Jambo moja watu wa Dar hulisahau: tuko magharibi kabisa mwa nchi, na saa ni ile ile. Jua hapa huchomoza karibu saa moja asubuhi. Ukiingia saa kumi na moja na nusu kwa mazoea ya kwenu, ni giza, na wakati huo ndio vyombo vya dagaa vinarudi kutoka usiku mzima kazini, mashine zimekazwa, wavuvi wana usingizi. Kayaki iko chini kama ubao. Hawakuoni. Subiri mwanga, vaa rangi inayopiga kelele. Faida ya kusubiri ni kwamba utawakuta Kibirizi wanashusha, utanunua dagaa wabichi wa chambo, na pengine wa kukaanga pia.

Mtumbwi na mwenyewe

Nasema "na mwenyewe" kwa sababu mtumbwi bila mwenyewe sikushauri. Unakodi chombo, mikono na kichwa kwa pamoja, na hicho kichwa ndicho cha thamani.

Kurudi kwa mtumbwi ni kwa polepole, lakini kuna anayejua lini. Mzee mmoja wa Katonga niliyekuwa naye aliacha kuvua ghafla, samaki wakiwa wanakula vizuri, akaanza kukunja mshipi. "Mwanangu, kunja," akasema. Sikuona kitu. Ziwa lilikuwa bapa. Tulipofika kwenye mawe ya kwanza ndipo mstari mweusi ulipotokea juu ya maji, kusini, na dakika kumi baadaye mawimbi yalikuwa yanapiga pale tulipokuwa tumekaa. Nilimuuliza alijuaje. Akanionyesha ndege kwanza, halafu akacheka, akasema ni goti lake. Mpaka leo sijui lipi ni lipi.

Lakini mtumbwi ukijaa maji umejaa. Hauna matundu ya kujitoa maji wenyewe kama kayaki. Kuna kopo, na kopo ni lako. Mbao zenye nyufa zilizozibwa juzi zinaweza kuvuja leo. Angalia chini kabla ya kupanda, na uliza kuhusu jaketi okozi bila haya. Wavuvi wengi hawavai, ndiyo, lakini wewe hukuzaliwa ndani ya mtumbwi. Kama hana, nenda na lako.

Samaki ni karibu kila kitu kinachoshika ndoano pwani, maana mwenyewe anajua jiwe gani lina nini na mwezi gani. Fimbo yako ya kisasa haina nafasi sana. Utapewa mshipi wa mkono, chubwi, ndoano na kipande cha dagaa, na utajifunza kusikiliza kwa kidole. Mimi naona hapo ndipo elimu ilipo. Mtu anayeanza kwa mtumbwi halafu akahamia kayaki huvua kuliko aliyeanza na kayaki, kwa sababu tayari ana ramani kichwani.

Bei hupangwa ufukweni, kwa maneno, jioni ya jana yake. Elewaneni mambo matatu kabla: saa ya kuondoka, saa ya kurudi, na samaki ni wa nani. Hilo la tatu ndilo huleta maneno. Desturi ninayoiona mara nyingi ni kugawana. Fikiria pia kwamba siku hiyo mwenzako haendi kwenye riziki yake, kwa hiyo kumpunja ni kumnyang'anya mboga. Salimia vizuri, "shikamoo mzee" kabla ya habari za bei. Ukianza na bei utapata bei ya mgeni.

Utakaa juu ya ubao saa sita. Sina zaidi ya kusema kuhusu mgongo, ila uchukue kitu cha kukalia. Kupiga kafi unaweza kusaidia au kutosaidia, ila ukikaa tu bila hata kujaribu utasimuliwa kijiweni.

Boti ya mashine

Boti ya mbao, mashine nyuma, nahodha na mara nyingi kijana mmoja wa kumsaidia.

Kurudi ndiko kunakolipiwa hapa. Upepo ukigeuka, boti inarudi. Kwa kasi ndogo, kwa kulowa, lakini inarudi, mradi mashine iwake. Ndiyo maana maswali ya kumuuliza nahodha ni ya mashine: mafuta ya akiba yako wapi, plagi ya akiba ipo, na kafi je? Boti isiyo na kafi inatangaza kwamba mashine yake haijawahi kuzima, na mashine za namna hiyo sijaziona. Mimi nilishakaa saa mbili katikati ya ziwa tukimtazama nahodha akipuliza bomba la mafuta kwa mdomo. Boti inapochukuliwa na maji inachukuliwa mbali, maana ilishakwenda mbali. Hilo mtu wa kayaki halimpati.

Samaki ni migebuka. Ukiwataka hao kwa uhakika zaidi, boti ndiyo njia: unakwenda maji wazi, unakokota chambo bandia kinachong'aa nyuma ya boti kwa mwendo mdogo, unatazama ndege wanapoporomoka majini. Wakishika, wanashika kwa kundi, mishipi miwili mitatu kwa pamoja, na dakika ishirini hizo boti nzima inapiga kelele. Kisha kimya tena. Kwa kuhe wa karibu na mawe, mngurumo wa mashine unaharibu. Zima mbali, ingia kwa kafi.

Mfuko: bei ya mafuta ndiyo bei ya boti. Mashine ya farasi 40 haili kama ya farasi 15, na kwa kukokota chambo huhitaji kasi, kwa hiyo usilipie nguvu usizozitumia. Mkiwa wanne mkigawana, gharama ya kila mmoja hushuka mpaka inakaribia ya mtumbwi. Ukiwa peke yako, utaihesabu kila dakika ambayo samaki hawali, na hiyo si starehe.

Mwili hauulizwi sana. Mzee anakaa, mtoto anakaa, asiyejua kuogelea anakaa, jaketi zikiwepo kwa idadi ya watu. Zihesabu kabla hamjaachana na ufuo. Kinachosumbua ni harufu ya petroli pamoja na mawimbi ya ubavuni. Mwenye tumbo jepesi ale mapema, na ale kidogo.

Kwa hali yako

Kama ni mara yako ya kwanza katika ziwa hili, hata kama umevua sehemu nyingine miaka kumi, siku ya kwanza nenda na mtumbwi. Kayaki itakungoja kesho, na utaingia ukijua mawe yako wapi.

Kama unajua kuogelea, umeshajipindua na kupanda tena, na unamtaka kuhe, chukua kayaki, asubuhi ya msimu wa mvua au siku tulivu ya kiangazi, ukipakana na pwani muda wote. Mkiwa wawili, kayaki mbili ni salama kuliko moja ya watu wawili: mmoja akipinduka, wa pili yuko mkavu.

Kama mko kundi, mna siku moja tu kabla ya treni, na mnataka kurudi na kitu cha kuwaonyesha watu, changeni mafuta.

Kama ni Julai na miti ya Bangwe inainama tangu saa mbili asubuhi, kayaki iache nchi kavu. Boti itakwenda, ila mtapigwa. Mtumbwi umuulize mwenyewe, na akikataa usimwongezee fedha ili akubali.

Kama unataka kwenda midomoni mwa mito, kule Malagarasi unakoingilia ziwani au kwenye matete ya Luiche, kayaki hapana. Kuna mamba na viboko, na kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna kichocho pia. Huko nenda na mwenyeji, kwenye chombo chenye ubavu mrefu.

Kama una mtoto wa miaka minane anayelia kila siku apelekwe kuvua, usimpeleke kwa chochote kati ya hivi mara ya kwanza. Mkate kijiti, mfungie mshipi na ndoano ndogo, mkae juu ya mawe saa kumi na moja jioni. Jua halizami mpaka karibu saa moja, na visamaki vya kwenye mawe haviishi.